Mama Alivyohesabu Ukoo Siku ya Posa ya Furaha

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, msimu wa kuvuna maharage

Kwako yaya Mapendo, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na shemeji na watoto wote huko Uvira. Kikohozi kimekuacha? Sisi ni wazima, na Mama ni mzima kuliko unavyodhani.

Uliandika kwamba tusimkalishe Mama mbele ya wageni wa posa ya binti yangu Furaha, asije akatuaibisha. Sikulaumu. Alikuwa ameunguza maharage mara mbili, na mimi akiniita kwa jina la marehemu kaka yetu. Ndiyo maana nilimpeleka hospitali ya Mbarara. Daktari alimuuliza leo ni tarehe ngapi. Mama akajibu kwamba zimebaki siku tatu tugawiwe chakula, na ilikuwa kweli, mpaka daktari akacheka. Akanieleza kwamba ubongo wa mzee husinyaa kidogo na kazi yake hupungua kasi: mambo mapya hayashiki upesi, na kushughulika na mawili kwa pamoja kunamshinda. Ya zamani mengi bado yamo.

“Usimuharakishe,” alisema. “Mtu moja aongee, basi. Akianza kupotea njia ya nyumbani, mulete tena.”

Hata hivyo nilimweka jikoni. Nakiri, niliona haya.

Wageni walipofika tukahesabu ukoo kama desturi yetu, ndugu wasije wakaoana. Mzee mmoja wa upande wa kijana akasimama, akasema ndoa haiwezekani, kwa kuwa bibi wa kijana na marehemu Baba yetu walikuwa ndugu wa damu. Watu wote wakaanza kusema. Furaha akakimbilia jikoni akilia, na Mama akatoka na unga mikononi.

Walimuuliza wote kwa pamoja, akababaika kabisa. Hapo nikakumbuka maneno ya daktari. Nikawanyamazisha, nikampa kiti, nikamuuliza peke yangu. Alijifuta unga mikononi polepole, yaya, hata wengine wakaanza kutazamana.

Kisha akasema: “Ule mama munamutaja alikulia kwetu, lakini hakuzaliwa kwetu. Mama yake alikufa, baba-mukwe wangu akamuchukua, akamulea. Baba yake wa kumuzaa balimuzika Lemera, pembeni ya kanisa.”

Shangazi wa kijana akainuka. “Ni kweli. Kaburi ya babu yangu, baba ya mama yangu, iko pale pale.”

Yule mzee akaketi. Posa ikapokelewa. Nilijivunia Mama mpaka machozi yakanitoka mbele ya wakwe, tukamhamishia kiti cha mbele, akala wa kwanza.

Nisalimie mama mkwe wako, na mwinjilisti wetu wa zamani, na binamu Zawadi anayeuza dagaa.

Mama yuko hapa karibu yangu. Ameniuliza mara tatu ninamwandikia nani. Kila mara nilimjibu ni Mapendo, na kila mara alisema, “Ule wangu wa kwanza. Alizaliwa mvua inanyesha, nikamufunika na kitambaa cha mama yangu.”

Mdogo wako anayekaa na Mama,
Neema