Maziwa ya Kibuyu Niliyoona Haya Kuyakataa

Mpendwa mshauri Emily, hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama, nalo ni kwamba ugonjwa uliokaribia kuniua mara mbili mwaka huu niliunywa mwenyewe, kwa adabu. Niko kidato cha tatu, natumia dawa za figo zinazoshusha kinga ya mwili, na daktari alinikataza maziwa mabichi, lakini kila likizo nyanya yangu wa Mosocho hunimiminia maziwa aliyoyagandisha kwenye kibuyu bila kuyachemsha, anasema, "Kunywa, Masese, shule imekukausha," na binamu yangu Gibson anaongeza, "Huyu amesoma mpaka anaogopa ng'ombe," wote wanacheka, naona haya, nakunywa, naongezwa, nakunywa tena, na baada ya siku chache natetemeka kwa homa na bakteria wanapatikana kwenye damu. Mara ya pili nililazwa wiki mbili. Nyanya alikuja akilia, akalaumu chakula cha shule, nami nikaitikia kwa kichwa. Shule zinafungwa Ijumaa. Nifanye nini nisimuumize?

Masese, Nyanchwa

Masese, pole kwa sindano zote hizo. Sasa nisikilize. Umewaacha wapishi wa shule wasingiziwe huku ukiitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa. Kijana mwenye adabu kama yako husifiwa sana kwenye mazishi yake. Gibson akiyanywa maziwa hayo huenda akaharisha tu. Kwako vijidudu vinapita moja kwa moja hadi kwenye damu, na mara ya tatu huenda usiwahi hospitali. Mwambie mama leo. Mweleze daktari ulichokunywa. Dawa za figo usiziache kwa uamuzi wako. Ukipata homa, hata ndogo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisimame dukani kuuziwa vidonge vya taifodi. Nyanya mwambie wewe, kwa mdomo wako. Amezika watu huyo. Neno "hapana" atalimudu.

Mshauri, nilimwambia mama jioni ile niliposoma jibu lako. Alimpigia daktari simu. Jumamosi baada ya ibada ya Sabato tulienda Mosocho, nikasema mbele ya wote, "Nyanya, si chakula cha shule. Ni maziwa."

"Mara zote mbili?"

"Zote mbili."

Gibson alikisogeza kibuyu kando.

"Na chai?" nyanya akauliza.

"Chai imechemka."

Aliinuka akawasha moto. Nilikunywa vikombe viwili.