Muhuri Haujarudi

Kitengela, Jumapili 18 Januari 2026

Mwalimu Mkuu,

Salamu nyingi. Huku tuko wazima, ni goti tu linalonung'unika nikipanda ngazi. Wewe je, kile kikohozi kimeachana nawe?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa simu, wenye herufi ndogo, hunisomea Ciku wa jirani, na akisoma ploti nzima inasikia. Barua nampa Kahiga, dereva wa basi la Namanga, akuachie duka la vitabu hapo Kajiado.

Leo nimetoa shukrani kanisani. Nilisema mwanangu alipewa shule ya kutwa ambayo hakuna mzazi aliyeitaka, na sasa wastani wake umepanda kutoka D hadi D+. Mama Njogu akaninong'oneza nisitaje hiyo gredi, niseme tu imepanda. Nikamwambia kupanda ni kupanda. Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Nilipeleka jogoo na maboga mawili.

Nasikia kwa hayo matokeo mtajengewa madarasa mawili. Akina mama wa kikundi wanataka kuja siku ya kuyafungua. Tupe tarehe.

Mamako,
Ndunge

Kajiado, 24 Januari 2026

Mama,

Nakusalimu. Kikohozi kimeisha. Ile dawa ya goti uipake, usiiweke kabatini kama pambo.

Madarasa hayajaanza. Kamati ya maendeleo ilipima uwanja tu na kuchomeka vijiti. Fedha za serikali huja kwa kuhesabu vichwa, na gredi ya kumi tumepata watoto kumi na wanne pekee. Bila madarasa hayo tutabaki shule ya mabati ambayo wazazi wanaipita.

Akina mama wasije kwanza. Na shukrani uliyotoa imetosha. Usirudie.

Mwanao,
Maundu

Kitengela, 1 Februari 2026

Maundu,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Nimezaa watoto wanne, na wewe pekee ndiye ambaye ukificha kitu unakuwa na maneno machache. Mwaka ule ulipovunja taa ya kanisa, ulimaliza siku nzima bila kuomba chakula.

Sema.

Mamako

Kajiado, 8 Februari 2026

Mama,

Natumai goti limetulia. Mimi mwili hauna neno.

Tulikuwa na watahiniwa arobaini na sita. Mwaka jana wakati wa usajili nilichagua tisa waliokuwa mkiani, nikawaita wazazi wao, nikawaambia watoto watafanyia mtihani kituo kingine, kama watahiniwa wa kujitegemea. Nilisema ni utaratibu mpya. Wengine walitia sahihi, wengine walibonyeza kidole. Ada ambayo serikali ingewalipia, wakaitoa wao. Lakini kwenye hesabu ya wanafunzi sikuwatoa, ili fedha zao ziendelee kuja. Kwenye matokeo tu ndimo hawamo. Hivyo ndivyo tulivyopanda.

Mmoja ni Soipan, binti ya Mzee Saning'o. Alikuwa mkiani kwa sababu wakati wa kiangazi familia ilihamia na ng'ombe karibu na Namanga, akakosa muhula mzima. Amepata C. Kati ya niliowabakiza, watatu tu ndio waliompita. Ameitwa chuo cha ualimu, na bila basari ya kaunti hawezi kwenda. Fomu inataka sahihi yangu, muhuri, na ukurasa wa matokeo ya shule wenye jina lake. Nikisaini watalitafuta jina na kulikosa. Wataniuliza, na madarasa yatakwenda. Fomu zinafungwa tarehe 27.

Saning'o amekuja siku tatu. Anaketi kwenye kigoda chake nje ya ofisi. Namsalimu kwa Kimaasai, "Sopa," ananijibu "Epa," kisha namwambia muhuri haujarudi kutoka mjini. Ananiambia, "Hakuna shida, mwalimu. Nimezoea kungoja mvua, muhuri ni nini?"

Muhuri uko mfukoni mwangu.

Mwanao,
Maundu

Kitengela, 11 Februari 2026

Maundu,

Nimesoma barua yako mara mbili, mlango ukiwa umefungwa.

Kuna jambo sikukuambia. Ulipokuwa darasa la saba, mwalimu wenu mkuu aliniita akasema utaivuta shule chini, nikutafutie kwingine. Ulikuwa wa mwisho kwa hesabu, wewe unayeifundisha leo. Nilichukua kigoda cha jikoni, nikaketi nje ya ofisi yake siku nne. Kila akinipita ana mkutano. Siku ya nne alichoka, akakuacha.

Uliniona pale. Ulidhani nimekuja kuuza maandazi, ukazungukia upande wa vyoo usinisalimie mbele ya wenzako. Nikakuacha udhani hivyo.

Sikuambii usaini. Una miaka arobaini na mitatu. Kigoda kile bado ninacho.

Mamako

Kajiado, 15 Machi 2026

Mama,

Nimechelewa kuandika. Natumai mvua imefika huko.

Tarehe 26 nilitoka nje, nikasaini na kugonga muhuri fomu ikiwa juu ya paja la Saning'o. Nikamweleza yote, halafu nikarudia, kwa sababu mara ya kwanza alidhani natania. Hakupaza sauti. Aliuliza, "Na wale wanane?" Nikasema nitakwenda nyumba kwa nyumba. Akasema, "Nitakuonyesha njia. Wengine wana mbwa."

Nimefika kwa saba. Wa nane wamehamia Kimana, nitawatafuta. Mzazi mmoja alinipa chai. Huyo ndiye niliyeshindwa kumtazama.

Fomu niliipeleka ofisini mwenyewe, pamoja na barua ya kueleza kwa nini jina halimo. Waliipokea. Basari imetoka, na Soipan ameripoti chuoni Jumatatu.

Vijiti uwanjani vimeng'olewa. Wazazi watatu wamehamisha watoto. Nimevuliwa ukuu, nafundisha hesabu nikingoja kesi ya nidhamu. Walimu wenzangu wananiona mwizi, ila wengi wanasema nimewaibia madarasa. Majina ya wale watoto tisa hawayataji.

Kanisani usiseme kwanza. Nitakuja niseme mwenyewe.

Mwanao,
Maundu

Kitengela, 22 Machi 2026

Mwalimu,

Nakusalimu. Mvua imefika, na goti lilijua mapema.

Nimeshasema. Shukrani niliitoa mimi, kuiondoa ni kazi yangu. Nilisimama pale pale nikasema yale matokeo hayakuwa ya kweli, na shule ya mwanangu ni D. Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee wa kanisa akauliza kama nataka kurudishiwa jogoo. Nikamwambia mlimla mwezi wa kwanza. Nilirudi kukaa. Yako wewe utayasema ukija.

Akina mama bado wanataka kuja. Nimewaambia hakuna madarasa ya kufungua. Mmoja wao, Nzula, akasema basi tutakaa kwenye yale ya mabati.

Tutafika Ijumaa, saa nne, watoto wakiwa mapumzikoni. Nitakuja na kigoda changu, niketi nje ya hiyo ofisi isiyo yako tena.

Uje unisalimie mbele yao.

Mamako,
Ndunge