Waone Kwanza, Ndipo Walipe

Mlandege, Iringa
12 Agosti 1974

Mpendwa baba Maganga,

Shikamoo baba. Mama naye mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Goti lako linaendeleaje, na je, ng'ombe wanapata nyasi huko Usangu kiangazi hiki? Mimi ni mzima kabisa, ila baridi ya hapa inatafuna masikio.

Baba, nina habari, na leo unyenyekevu utanishinda. Hapa Mlandege kuna mzee Jayantilal mwenye ukumbi wa sinema. Mwaka mzima ukumbi umekuwa mtupu, naye akaapa kwamba Jumamosi iliyopita watu wasipokuja, anaugeuza ghala la mahindi na sisi wafanyakazi wake wote tunaondoka. Kwake yeye, watu wa hapa ni wabahili tu. Neno hilo lilinikera, maana haohao nawaona vilabuni wakilipia pombe bila kuombwa mara mbili.

Nikaenda kuwauliza wenyewe. Jailos, kinyozi wa jirani, alinijibu kwamba akinunua sabuni anaondoka na sabuni, sasa picha ikiisha yeye anaondoka na nini? Tena gari la sinema la serikali huonyesha bure uwanjani. Mama mmoja muuza maharage akaongeza kwamba aliwahi kulipa, picha ikawa ya hovyo, na tangu siku hiyo hanunui mbuzi kwenye gunia.

Hapo nikakukumbuka wewe mnadani. Hujawahi kumdai mtu pesa kabla hajamtazama ng'ombe meno na kumtembeza. Nikamshauri mzee Jayantilal tufungue mlango, watu waingie bure, na kwenye mapumziko ndipo tupite na tiketi. Ambaye hakupendezwa aende zake kwa amani. Alisema nimerogwa, lakini hakuwa na njia nyingine.

Ukumbi ulijaa hadi wengine wakakaa sakafuni. Picha ilikuwa ya mama anayemtafuta mwanawe aliyechukuliwa na mafuriko, na tuliikata palepale anapomwona mtu ng'ambo ya mto. Taa zikawaka. Nikaanza kupita na tiketi, baba, nikijua wakitoka wote ndiyo basi. Walitoka wanne. Waliobaki wote walilipa, na Jailos alikuwa wa kwanza, huku akinigombeza nifanye haraka. Habari ya ghala imekufa, na kuanzia leo mimi ndiye msimamizi wa ukumbi. Nimefurahi hadi najiona nimerefuka.

Sasa nikiri. Chuo cha ukarani ulikonipeleka nilikiacha tangu mwezi wa nne, na barua zangu za masomo zilikuwa uongo mtupu. Kwa uongo huo nakuomba unisamehe. Kwa kazi hii sitaomba msamaha. Kaka Budeba, uliyemtuma aje kunitazama, aligundua, akaja sinema Jumamosi hiyohiyo ili anitoe kwa mkono. Alikuta mlango wazi, akaingia, akakaa kunisubiri. Kwenye mapumziko alilipa, kisha picha ilipokwisha akaniagiza nikuandikie mwenyewe.

Wadogo zangu wape salamu mmoja mmoja, na majirani wanaoniulizia waambie sijapotea.

Kaka ndiye anayekuletea barua hii. Atakusimulia picha, lakini nimemwapisha aishie pale mtoni. Ukitaka kujua kama yule mama alimpata mwanawe, njoo Iringa.

Ni mimi, binti yako mwenye kichwa kigumu,
Roza