Sauti Isiyo na Mstari

Jumamosi, Mei 1948. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na mimi sina hamu ya kitu.

Niandike upesi kabla sijajionea haya.

Bwana Anselmo, mwalimu wetu Mgoa, leo amenirudisha mwanzo wa masomo. Miezi mitatu sasa, kila Jumamosi adhuhuri nikimaliza kazi yangu ya ukarani Kilindini, napitiliza chuoni, nyuma ya Marikiti, kwenye masomo ya muziki ya wanaoanza. Mimi, niliyepiga fidla harusini tangu sijaota ndevu! Wenzangu wa kikundi cha tarabu walinicheka nilipojiandikisha. Sikuwaambia sababu. Mjomba Athmani, mkuu wa kikundi chetu, ana nyimbo chungu nzima kichwani na hakuna hata moja iliyoandikwa, na kifua chake siku hizi kinamsumbua. Nilitaka nijifunze kuandika muziki nizinakili kabla hajatutoka.

Leo ulikuwa mtihani wa sikio. Mwalimu hupiga sauti moja kwenye piano, nawe waimba ile ile. Ya kwanza nilipata, ya pili nilipata. Ya tatu ikanishuka kidogo, pale pale inaposhuka kwetu tangu nikiwa mtoto wa kuitikia kasida. Darasa zima likacheka. Bwana Anselmo hakucheka.

"Uliyoimba iko baina ya kibao hiki cha piano na hiki," akaniambia. "Hapo pana ufa tu, bwana."

Nikamuuliza huandikwaje. Akaitazama ile mistari mitano ya kuandikia muziki ubaoni, akatikisa kichwa.

Haiandikwi. Na nyimbo za Mjomba, karibu zote, zimekaa kwenye ufa huo.

Lakini bado sijaungama lililo baya zaidi. Mwezi uliopita nilibandika vikaratasi kwenye shingo ya fidla yangu, kila kimoja mahali pa sauti ya piano, nikajifundisha mpaka vidole vikawa vyajiendea vyenyewe. Nikajiona mjanja kweli kweli. Leo nimevibandua kabla ya kwenda kwa Mjomba, kwa kuwa tulikuwa na mazoezi ya harusi ya Alhamisi. Gundi imeacha madoa. Vidole vikaenda kwenye madoa.

Mjomba akasimamisha watu wote.

"Mwanangu, wapiga sawa," akasema kwa upole, "lakini huko si kwetu. Hebu rejea."

Nikarejea, mara tatu. Watu wakawa watazama miguu yao. Mjomba akakohoa, akangoja kifua kitulie.

"Harusi hii wewe pumzika. Saidi atashika fidla."

Afadhali angenitukana.

Nimekata tamaa, sina neno jengine. Koo limekataa kuhama na vidole vimekataa kurudi. Yule niliyehangaika ili nyimbo zake zisipotee, ndiye aliyeniambia nikae nje, na wala sikumwambia kwamba yote haya ni kwa ajili yake. Ningemwambia nini? Kwamba nimeshindwa kumwandika?

Nimefika nyumbani kabla ya Magharibi, nguo zinachuruzika maji. Nikakaa ukumbini, nikapiga taratibu ule wimbo wa kubembelezea ambao mama alituimbia sote, mimi na ndugu zangu. Ndio wa kwanza niliojua duniani. Nilijiambia, huu vidole haviwezi kuusahau. Nikaupiga wote hadi mwisho.

Mama alikuwa jikoni akikuna nazi. Akaacha kukuna, akasikiliza.

"Nzuri hiyo, mwanangu," akasema. "Nyimbo ya nani?"

Nimemjibu kwamba ni ya darasani.