Barua Pepe Zinazofunguka Popote

Shoga, nimejifungia chooni hapa kazini, nakuandikia haraka.

Si bosi alinipa kazi ya kuhifadhi barua pepe zote za zamani za ofisi? Leo nikamwambia kwa mbwembwe nimezigeuza maandishi matupu, hata miaka ishirini ijayo mtu yeyote atazifungua kwenye kompyuta yoyote.

"Mtu yeyote?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akainuka, akafunga mlango. "Nilitaka zitunzwe. Nani kakwambia zisomeke?"

Mtu yeyote, shoga! Akalirudia hilo, polepole.

Halafu, kwa upole kabisa: "Umezijaribu kwenye kompyuta ya nani?"

Nikakutaja. Mdomo wangu huu!

Ile flashi yenye barua hizo niliyokupa jana, ondoka nayo hapo nyumbani. Ameshamtuma dereva, yule yule aliyetushusha kwako Jumamosi.