Asubuhi Tulizotoa Hewa kwenye Lori

Mama Mwende wangu,

Leo asubuhi lori limekataa kuwaka. Nimepiga stata mpaka betri ikaanza kuchoka, nalo linakohoa tu, halishiki. Ungekuwepo ungetoka nje na leso yako kiunoni, uniambie, "Wewe mzee, wacha kuua betri, hewa imeingia," kana kwamba mimi ndiye niliyeletwa mjini jana.

Nakuandikia mambo unayoyajua kuliko mimi. Nivumilie, sina mwingine wa kumweleza.

Lori letu la mchanga lilikuwa na ugonjwa mmoja. Pale bomba la mafuta linapoingia kwenye filta palikuwa na kipete cha shaba kilicholika, kile mafundi wanachokiita washa. Usiku kucha hewa ilipenya hapo, dizeli ikarudi zake kwenye tangi, na kukicha injini inavuta upepo mtupu. Dawa yake ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja anapiga ile pampu ndogo ya mkono iliyojibana chini, ubavuni mwa injini. Mwingine yuko juu na spana, amelegeza skrubu ya filta, anatazama. Kwanza linatoka povu. Povu likiisha na dizeli ikaja safi, wa juu anakaza skrubu na lori linawaka.

Pampu ilikuwa yako. Mkono wangu haukuingia pale, wako uliingia. "Hiyo mikono yako ni ya kushika usukani na ugali," ulisema siku ya kwanza, ukanisukuma kando.

"Bado?" ulikuwa ukiuliza, umeinama, uso siuoni.

"Bado. Piga."

Nyumba yetu ya mtaa wa Baba Dogo ilikuwa chumba kimoja, pazia katikati, watoto wanne, na dada yako Mueni aliyekuja kutafuta kazi viwandani akakaa. Ukuta ni mabati. Baba Nekesa wa mlango wa pili akipiga chafya, tunamwambia pole tukiwa kitandani. Mume na mke hawakuwa na mahali pa kuongea humo, ila chini ya boneti. Ni hapo uliponiambia una mimba ya kitinda mimba wetu. Ni hapo uliponiambia mama yako ameanza kusahau majina ya wajukuu. Tuligombana hapo pia, kwa sababu ya yule mwanamke wa kule mtoni aliyekuwa akinipa mapapai nikienda kupakia mchanga. Ulipiga pampu siku hiyo nikadhani utaing'oa.

Na mara nyingi dizeli ilikuja safi mapema, nami nikasema bado.

"Baba Mwende, mafuta yananitiririkia mpaka kwenye kiwiko na wewe unasema bado?"

"Hilo ni povu."

"Povu gani linanuka hivi?" Lakini uliendelea kupiga, na hadithi yako ukaimaliza.

Kile kipete ni kitu kidogo, kinapatikana kila duka la vipuri. Nilisema nitakinunua kesho. Wewe nawe ulisema kesho si mbali. Hatukuambiana kamwe kwa nini kesho hiyo haifiki. Baba Nekesa akipita kwenda kiwandani alikuwa akituchokoza, "Nyinyi watu, hiyo lori si mpeleke kwa fundi? Ama mnaipendanga ikiwa mgonjwa?" Ulicheka mpaka ukashika mbavu.

Halafu kifua chako kikaanza. Baridi ya Julai ilikukuta unatoka nje umejifunika blanketi, unapiga pampu kidogo, unaegemeza kichwa kwenye madigadi, unapiga tena. Nilikuomba ulale. "Nikilala wewe utaenda kazi na nini?" Asubuhi moja, lori lilipokwisha kuwaka, ukashika bampa ukashindwa kusimama, nikakubeba hadi ndani. Ulikuwa mwepesi, Mama Mwende. Niliogopa hata kukwambia ulivyokuwa mwepesi.

Siku hiyo nikirudi kutoka kazini nilipitia dukani, nikanunua kipete kipya, nikakifunga mwenyewe. Niliona ninakuletea mapumziko. Kesho yake nikageuza ufunguo na lori likawaka papo hapo, nikafurahi kama mtoto, nikakimbia ndani kukwambia. Ulikuwa umekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Imewaka," ukasema.

"Imewaka! Sasa utalala mpaka jua litoke."

"Imewaka bila mimi."

Ukakivua kile cha mguuni, polepole, ukaviweka vyote viwili chini ya kitanda. Injini ilikuwa inanguruma nje na mimi nimesimama hapo. Baadaye ukaniuliza, "Ile washa ya zamani uliitupa?" Ilikuwa mfukoni mwangu. Ukasema nikupe, nikakupa, na sikuiona tena.

Hukutoka nje asubuhi tena. Madaktari walisema ni kifua, nami siwapingi, wao ndio waliosoma picha. Lakini mimi ndiye niliyekuona ukivua kile kiatu.

Tulikuzika nyumbani Kitui, mvua ikinyesha, watu wakasema ni baraka. Mimi sikuona baraka yoyote. Nguo zako zilipogawanywa Mueni aliniletea ile leso yako ya kila siku, akasema, "Shemeji, hii haina mwingine, ni yako." Ilikuwa na fundo kwenye pembe, pale ulipokuwa ukifunga sarafu za mkate. Nikafungua. Ilikuwa ile washa mbovu, umeifuta grisi mpaka inang'aa. Nililia kwa sauti mbele ya watoto na wazee, na sikuona haya.

Jana jioni niliitoa ile mpya, nikairudisha yako.

Basi ndiyo maana leo lori limekataa. Baba Nekesa amenikuta nimefungua boneti, akasimama na ovaroli yake begani.

"Baba Mwende, si ulitengeneza hii kitu?"

"Nilitengeneza."

"Na sasa?"

"Nimeiharibu tena."

Hakucheka. Ameweka kikopo chake cha chakula chini akajaribu kuingiza mkono kwenye pampu, umekwama kwenye kifundo. "Hapa ni mkono wa mama peke yake," akasema. Nikamwambia aende, atachelewa kazini.

Nimepiga kwa ncha za vidole, ngozi imechubuka. Ninapiga, ninapanda juu kutazama, povu. Ninashuka, ninapiga tena. Huku nakwambia habari. Mwende amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na amesema ni kwa ajili yako. Kitinda mimba ameacha kuuliza utarudi lini, na huko kuacha kunaniuma kuliko alipokuwa akiuliza. Nimekwambia pia kwamba kitandani nalala upande wangu tu, ule wako siugusi.

Nilipopanda mara ya mwisho dizeli ilikuwa inakuja safi. Imepita vidoleni mwangu, ikashuka kwenye madigadi, ikadondoka chini, bila hata tone la hewa. Spana nilikuwa nayo mkononi. Kilichobaki ni kukaza tu.

Nikasema, "Bado," nikashuka nikaendelea kupiga.

Lala salama, mama. Viatu vyako viko pale pale ulipoviweka.

Mume wako,
Baba Mwende