Yule Mzee Hakuwa Mtani Wetu

Mama,

Kicheko kile hakijanitoka. Si kilio, ingawa walikulilia vizuri, hata wale mliogombana nao sokoni Kashikishi. Ninachosikia ni kicheko cha watu wengi kwa pamoja, uwanjani petu, jeneza lako likiwa bado mlangoni. Nikisahihisha madaftari ya wanafunzi nakisikia. Nikiosha sufuria nakisikia, naziacha sufuria, natoka, natembea hadi ziwani na kurudi bila kujua nilifuata nini.

Hukuwapo kukisikia. Ulikuwapo, lakini hukuwapo. Ngoja nikueleze.

Siku ya kukuzika, watani wa ukoo wetu, wale banungwe, walifanya kazi yao kama desturi inavyotaka. Walichimba kaburi, walichota maji, na walikutukana. Mmoja alivaa kitenge chako akatembea kama wewe, mkono kiunoni, akipiga kelele: "Njo miye Mama Mado! Leta franka, samaki utaiona kesho!" Mwingine akagonga jeneza: "Amuka, weye mwizi! Umeiba chumvi yetu, sasa unajifanya umekufa!" Nilicheka machozi yakinitoka. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba maiti asiyetukanwa na watani wake amekufa maskini.

Kisha akaja Ba Mwansa na kokisineli. Unamjua, yule Mzambia uliyemuuzia lile gari la zamani la mgongo wa kobe, aliyekuwa akilikodisha kwa harusi. Alikuwa amelivua riboni na kulileta ili liwabebe mashangazi wazee hadi makaburini. Hata hapo alinong'ona kwangu, "Ba Mado, mukwai, bibi harusi bado ananuka chisense." Kwa sababu ulikuwa ukipakia dagaa mbele, chini ya boneti, na ukiwaambia watoto kwamba gari lako linakula samaki ndiyo maana injini yake iko matakoni.

Nyuma ya kwaya iliyotoka Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, aliingia mzee mmoja mwembamba mwenye koti. Hakuna aliyemjua. Alilizunguka gari. Aliinama, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini kama anayepima homa ya mtoto. Halafu akasimama wima akapaza sauti:

"Hii motokari ni ya baba yangu! Baliiba! Huyu mama aliuzisha kintu ya wizi!"

Uwanja mzima ulilipuka. "Mutani huyo! Anajua kazi!" Mtu alimtia kikombe cha munkoyo mkononi. Ndugu yako, Tonton Kalenga, alijifuta macho kwa kucheka, akampa sarafu kama watani wanavyopewa. Mimi pia nilicheka, Mama. Nikamwona yule mzee amesimama na kikombe na sarafu, akitafuta usoni mwetu mtu mmoja ambaye hacheki. Akafika kwangu. Mdomo wangu ulikuwa bado wazi.

Tulikuzika. Watu walikula, walirudi makwao. Mimi sikuweza kukaa.

Nilirudia akilini siku ile Mununga, tulipolinunua gari lile. Kijana aliyetoka ng'ambo ya ziwa alisema ni urithi wa mjomba wake. Wewe hukuridhika na karatasi zake. Ulimwita katekista, ukamwapisha kijana mbele yake, kisha ukamuuliza, "Huyo mujomba, siku ya matanga yake nani alilia zaidi?" Alijibu haraka kwamba ni dada yake mdogo, na jibu hilo likakutosha. Nakumbuka ulivyoshika usukani, ulivyozima injini mara kwa mara ukiilaumu barabara, ulivyoimba hadi Kashikishi. Ulikuwa na furaha. Je, mtu anaweza kuwa na furaha vile juu ya kitu anachokijua ni cha wizi? Nimejiuliza swali hilo nikitembea, nikiwa kitandani, nikiwa mbele ya darasa na chaki mkononi huku watoto wananingoja.

Nilikwenda Mantapala kumtafuta yule mzee. Anaitwa Papa Ilunga, analima mihogo nyuma ya nyumba yake. Nilidhani atanifukuza. Alinipa kiti, akabaki amesimama.

Alinieleza kwamba baba yake alikuwa directeur, mwalimu mkuu wa shule, ng'ambo, huko Pweto. Gari walilinunua baba huyo na ndugu zake kwa pamoja, na baba ndiye aliyelitunza. Siku moja ya Pasaka liliibwa wakiwa misani. Directeur alikwenda kutoa taarifa polisi, akarudi, akaenda tena. Ndugu zake hawakumwamini. Walisema ameliuza kwa siri akala peke yake. Alikufa hivyo, anaitwa mwizi na watu wa damu yake. Vita vilipokuja, ukoo wote ulikimbilia upande huu, na uhasama wakaubeba pamoja na masufuria. Shangazi yake mzee anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na bado hampi mkono.

"Utajuaje kwamba ni lenyewe?" nilimuuliza. Nilitaka akosee.

"Chini ya kiti cha nyuma, mahali pa betri. Tindikali ilikula chuma. Baba alichomelea mguu wa dawati ya shule. Rangi ya kijani."

Nilirudi kwa Ba Mwansa, naye alikiinua kiti mwenyewe. Kijani kilikuwa kimepauka, lakini kilikuwapo. Alikirudisha kiti polepole, akakikalia, akasema kwa Kiswahili chake cha soko, "Mimi hapana iba. Ba mama hapana iba. Sasa nani?" Kisha, kama anayejijibu, "Awe, hapana, Ba Mado. Gari ya watu ni ya watu."

Tulilipeleka polisi Nchelenge. Huko nilieleza yote niliyoyaona Mununga, na gari likabaki uani kwao likingoja kurudishwa.

Tonton alikasirika, Mama. Sijawahi kumwona hivyo. Alisema, "Watu balisha kucheka. Ile neno ilizikwa na mama yako. Weye unaifukua juu ya nini? Juu ya masomo yako?" Na baadaye, kwa sauti ya chini iliyoniuma zaidi: "Kesho sokoni hatutaitwa tena bantu ya Mama Mado. Tutaitwa bantu ya gari ya wizi." Anasema kweli. Jina lako ndiyo mali pekee uliyovuka nayo ziwa, na hakuna siku uliliacha lichafuke, hata kwa samaki mmoja aliyeoza.

Nilitaka kunyamaza. Lazima nikuambie hilo. Utani ulikuwa umetupa mlango mzuri wa kutokea, na kila mtu alikuwa ameshatoka. Nilimuuliza Papa Ilunga kama haitoshi gari kurudi. Alisema, "Motokari imezeeka kama miye. Gari ikirudi bila mutu wa kusema, watasema baba aliiuzisha kwa mama yako." Akatazama upande wa nyumba ya shangazi yake. "Miye nataka mutu aseme. Mbele yao. Mutu wa ile nyumba yenyewe."

Sina hakika ungefanya nini. Hiyo ndiyo inayonihangaisha kuliko yote, kwamba kila nikikuuliza unanijibu kwa sauti yangu mwenyewe. Basi nimeacha kukuuliza.

Boti uliyoniachia, ile uliyoinunua kwa pesa za gari hilo, nimempa Ba Mwansa pamoja na injini yake, kufidia gari alilopoteza. Alikataa, nikaiacha imefungwa mbele ya nyumba yake. Tonton sasa anavua kwenye boti ya mwingine, na hanisemeshi. Nampelekea chakula, anakila, anarudisha sahani imeoshwa.

Na Jumapili, baada ya misa, nilikwenda tena Mantapala. Papa Ilunga alikuwa amewaita wa ukoo wake, wakaja, wakaketi mbalimbali. Nilisimama. Nilisema: mama yangu alilinunua gari lenu Mununga kwa kijana asiyemjua. Hakujua kwamba limeibwa. Aliliuza tena, na sisi tulikula. Directeur hakuliuza. Wakaniuliza mama yangu ni nani, nikataja jina lako lote, la ubatizo na la kijijini, na mahali ulipokuwa ukiuza. Sikuficha herufi moja.

Lala sasa, Mama. Sitakusafisha kwa uongo, na sitamruhusu mtu akuongezee doa ambalo si lako. Atakayeuliza sokoni nitamjibu mwenyewe, nikiwa nimesimama pale pale pa meza yako. Hilo nakuahidi.

Shangazi wa Papa Ilunga alimwomba mtu amnyanyue, akavuka uwanja, akampa mkono mtoto wa ndugu yake.

Mado wako